UGONJWA MMOJA, MIFUPA MBALIMBALI

(Hotuba ya Katibu Mwenezi wa tawi mbele ya wanachama wa Mtunda, Kibiti. Tunaichapa kama alivyoisema, kwa kuwa wengi waliokuwa mashambani siku ile wameiomba.)

 

Mmenizoea nikisimama chini ya mwembe huu kuzungumza habari za kadi, ada na mikutano. Leo kitabu cha ada nimekiacha nyumbani. Nimekuja kusema habari ya mifupa, na nitaanza na mifupa ya nyumba yetu wenyewe, maana si adabu mtu kufunua ya jirani na kuficha ya kwao.

Kwetu tumezaliwa watano. Wawili katika sisi wana ugonjwa wa seli mundu, huo ambao wengi wenu mnauita sikoseli. Mmoja ni dada yangu anayenifuata, mwingine ni mdogo wetu wa kiume, kitinda mimba. Baba mmoja, mama mmoja, chungu kimoja. Yule wa kiume alipokuwa mdogo macho yalikuwa manjano, damu ikipungua kila mara, na sijui ni mara ngapi alilazwa kuongezewa. Tuliambiana kimyakimya kwamba huyu hatakua. Dada yangu yeye damu yake haikupungua sana, alisoma, alilima, na bibi zetu wakasema, "Wa huyu mwepesi."

Leo yule wa kiume anatembea barabara, hata mpira anacheza kidogo kidogo. Huyu mwenye ugonjwa "mwepesi" hawezi kupanda ngazi ya dungu. Alipofika miaka kumi na saba alianza kulalamika goti. Tukampeleka mahali pa matibabu, sitapataja, wakatazama goti, wakatoa vidonge vya baridi yabisi. Tukarudi, wakatoa tena. Nyumbani tukamchua kwa mafuta ya moto. Karibu miaka miwili tunatibu goti, na goti halina kosa lolote! Siku alipopigwa picha ya eksirei ya nyonga, daktari akatuonyesha kichwa cha mfupa wa paja, ambacho kwa mtu mzima ni mviringo kama chungwa. Cha dada yangu kilikuwa kimebonyea kama boga lililokaliwa. Tangu hapo anaswali juu ya kiti.

Sasa sikieni yaliyofuata, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonileta hapa. Ukoo ulikaa kitako ukasema: ugonjwa mmoja hauwezi kuwa na nyuso mbili. Wa mtoto wa kiume ni wa Mungu, wa mtoto wa kike ni wa mkono wa mtu. Akatafutwa mtu, akapatikana shangazi mmoja mzee, mjane, asiyekuwa na wa kumsemea. Hadi leo nyumba mbili za ukoo wetu hazipelekeani futari.

Ndugu zangu, nataka kuonyesha leo kwamba ugonjwa mmoja unaweza kuwa na nyuso mbili, hata tano, na kwamba tofauti yenyewe imo ndani ya damu tuliyorithi, wala haikutoka kwa shangazi wa mtu.

Mimi nimefundishwa ualimu, na mwalimu bila kifaa ni mpiga domo tu. Mama hapo mbele nimekuomba punje mbili za mahindi na punje mbili za kunde. Mfuko huu ni baba: ndani nimetia punje moja ya hindi na moja ya kunde. Mfuko huu ni mama: hivyo hivyo, hindi na kunde. Hindi ni kinasaba kizima cha kutengeneza damu. Kunde ni kinasaba cha seli mundu. Baba na mama hawa wote ni wazima, wanalima, wanavua, hawajui kama wana kunde mfukoni, kwa kuwa hindi moja latosha kumweka mtu mzima. Kila mtoto anapotungwa, baba hutoa punje moja bila kutazama, na mama hutoa moja bila kutazama. Njoo wewe kijana, chomoa. Hindi na hindi: mtoto mzima kabisa. Rudisha, chomoa tena. Hindi na kunde: mzima kama baba yake, ila amebeba. Tena. Kunde na kunde. Huyo ndiye mgonjwa.

Nafasi hiyo ya kunde mbili ni moja katika nne, na kila mimba huanza upya, mifuko haikumbuki kilichotoka jana. Kwa hiyo mama aliyezaa wagonjwa watatu mfululizo hakulogwa, na aliyezaa wazima wanne hajasalimika kwa wa tano. Na tazameni tena: kunde moja imetoka kwa baba. Wanaume wenzangu, ni wanawake wangapi wamepewa talaka katika tarafa zetu kwa "kuzaa watoto wa mifupa", nao hawakutoa ila nusu ya mzigo? Mume akaoa kwingine, na kunde yake bado anayo mfukoni.

Mimi mwenyewe nimepima. Ninayo moja. Mchumba wangu naye tumekwenda naye, na majibu yake ni yetu wawili.

Mtaniuliza kwa nini kunde hizi zimekuwa nyingi kwetu. Sababu ni mbu. Mwaka 1954 mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa matokeo ya kupima damu za maelfu ya watu wa Afrika ya Mashariki. Aliona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria waliobeba kinasaba kimoja ni wengi, na katika nyanda za juu zenye baridi, zisizo na malaria, karibu hawapo. Mtoto mwenye punje moja ya kunde malaria kali haimmalizi kwa urahisi. Basi katika bonde kama hili la Rufiji, lenye mafuriko na majaruba, kwa karne nyingi waliobeba kunde moja walipona malaria wakazaa, na ndugu zao wa kunde mbili wakalipa gharama. Kinasaba hiki hatukuletewa kama adhabu. Kimewaokoa babu zetu wengi, na mimi huenda ni mmoja wa waliookolewa.

Vitabu vya kizungu husema ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1910, mjini Chicago, daktari James Herrick alipoona chembe za damu zilizopinda kama mundu kwa kijana aliyetoka Grenada. Sawa, kuandikwa uliandikwa. Lakini daktari Konotey-Ahulu wa Ghana ameonyesha kwamba watu wa Afrika ya Magharibi walikuwa na majina ya ugonjwa huu zamani sana kabla ya hapo, na kwamba Waga waliuita kwa neno lenye kuiga maumivu yenyewe yanayorudi na kurudi: chwechweechwe. Katika ukoo wake mwenyewe aliweza kufuatilia wagonjwa, kizazi kwa kizazi, mpaka mwaka 1670. Wazee wale hawakuwa na darubini, lakini maumivu waliyajua, na waliyajua kwenye mifupa.

Kwa nini mifupa? Chembe nyekundu ya damu iliyo nzima ni laini, hujikunja ikapita katika mshipa mwembamba kuliko unywele. Ndani yake mna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho ndicho kibeba hewa. Kwa mgonjwa, hemoglobini ikishaachia hewa yake hushikamana ikawa kama fimbo, na chembe ikapinda na kukakamaa. Na kosa lenyewe, ndugu zangu, ni dogo ajabu. Mwaka 1956 Vernon Ingram alianza kuonyesha kwamba katika mnyororo mrefu wa hemoglobini ni pete moja tu iliyobadilishwa. Pete moja!

Chembe zilizokakamaa huziba mishipa midogo. Ninyi mnajua delta: kijito kikizibwa na magogo, shamba lililo mbele yake hunyauka hata kama mto mkubwa umefurika. Mfupa nao una vijito vyake. Ndani ya mfupa mna uloto, kiwanda cha damu, na kwa mgonjwa wa seli mundu kiwanda hicho hufanya kazi usiku na mchana kwa sababu chembe zake hufa mapema mno. Kiwanda kinataka hewa nyingi, na mishipa ni myembamba. Hapo ndipo maumivu yanapozaliwa.

Kwa mtoto mchanga, tangu miezi sita hivi hadi miaka minne, huanza na vidole: mikono na miguu huvimba, mtoto hulia usiku kucha. Mama wengi hapa wameuona uvimbe huo wakasema mtoto ameumwa na mdudu au amekanyaga kitu. Mara nyingi ndiyo barua ya kwanza ugonjwa unayoandika. Baadaye huja maumivu ya mifupa mirefu, mgongo na kifua. Wengine mfupa huingiwa na vijidudu ukatunga usaha, na kwa wagonjwa hawa mara nyingi vijidudu vyenyewe ni vya jamii ya salmonela. Mtoto mwenye homa kali na mfupa mmoja uliovimba asichuliwe wala asipigwe chale, apelekwe hospitali siku ile ile.

Halafu iko nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja hulishwa na mishipa michache miembamba, haina njia ya pili. Ikizibwa, kichwa hufa polepole, na kwa kuwa ndicho kinachobeba mwili, siku moja hubonyea. Maumivu yake huja kinenani, na mara nyingine huenda kusikika gotini, kama yalivyomdanganya kila mtu kwetu. Msichana anachechemea, anashindwa kuchuchumaa, anaona taabu kukaa kitako kwenye mkeka, na goti halina uvimbe. Tazameni nyonga! Na picha ya eksirei ya mwanzo huweza kuwa safi; mashine ya MRI huona mapema zaidi, lakini hiyo iko mbali na sisi.

Sasa nakuja kwenye swali la ukoo wangu: kwa nini huyu na si yule?

Ile kunde mbili ni kinasaba kimoja tu katika vingi. Mtoto hupokea kutoka kwa baba na mama maelfu ya punje nyingine, na baadhi yake huutuliza ugonjwa au huuchochea. Nitawatajia mbili zilizochunguzwa sana.

Ya kwanza inahusu damu ya tumboni. Mtoto akiwa mimba hutumia hemoglobini ya namna yake, na hiyo haishikamani ikawa fimbo. Ndiyo maana mtoto mgonjwa huzaliwa akionekana salama, na uvimbe wa vidole huja miezi kadhaa baadaye, damu ya tumboni inapokwisha. Lakini kwa watu wengine haiishi yote. Mwenye kubaki na nyingi kwa kawaida hupata nafuu: maumivu machache, maisha marefu. Mwaka 2007 wanasayansi waligundua kinasaba kinachofanya kazi ya mlinzi wa kufunga ghala hilo la damu ya tumboni. Jina lake halina uzuri, BCL11A. Kwa watu wengine mlinzi huyu ni mkali, kwa wengine husinzia. Na hapa nina fahari kusema: mwaka 2011 Watanzania, wakiwemo Julie Makani na Siana Nkya wa Muhimbili, pamoja na wenzao wa London, walitoa matokeo ya uchunguzi wa mambo hayo kwa wagonjwa wa nchi hii. Pale Muhimbili tangu mwaka 2004 wamewaandikisha na kuwafuatilia maelfu ya wagonjwa, kundi lililo miongoni mwa makubwa duniani. Elimu hii imetoka katika damu ya watoto wetu, si ya kuazima.

Ya pili ndiyo iliyonifanya nimwelewe dada yangu. Hemoglobini hufumwa kwa nyuzi za aina mbili, alfa na beta. Kosa la seli mundu liko kwenye beta. Lakini watu wengi wa pwani yetu wamepungukiwa vinasaba vya alfa, kimoja au viwili katika vinne. Kule Kilifi, Kenya, ni zaidi ya nusu ya watu. Huko kupungukiwa kunaitwa alfa-thalasemia, na sababu yake ni ile ile, mbu. Mtu wa namna hiyo akiwa na seli mundu, kila chembe hubeba hemoglobini kidogo kidogo, haikakamai upesi, haifi upesi. Damu yake hupungua kidogo tu. Macho hayawi manjano sana. Hatari ya kupooza kwa kuzibwa mishipa ya ubongo hupungua. Kila mtu husema, "Huyu afadhali."

Lakini damu nyingi ya chembe kama hizo ni nzito. Hupita kwa shida katika vijito vya mifupa. Mwaka 1991 Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 2,590 wenye umri wa miaka mitano na zaidi: karibu mmoja katika kila kumi alikwisha kuharibika nyonga, na waliokuwa katika hatari kubwa kuliko wote ni wale wenye seli mundu pamoja na alfa-thalasemia. Dada yangu alipopimwa alionekana anayo. Mdogo wetu hana. Mfuko mmoja wa baba, mfuko mmoja wa mama, na punje zimetoka mbalimbali. Shangazi hakutia mkono mfukoni.

Mama zangu, shikeni hili hata mkisahau majina yote: mtoto mgonjwa mwenye damu nzuri ndiye ambaye nyonga yake itazamwe zaidi. Tumezoea kumtazama mwenye macho manjano na kumwacha yule "mwepesi" abebe ndoo mbili na kushinda majarubani akiamia ndege, akilowa toka alfajiri. Sisi tulifanya hivyo.

Msidhani ni jambo la Mtunda peke yake. Wanasayansi wamegundua kwamba kinasaba cha seli mundu husafiri na alama za majirani zake, kama mtu anavyojulikana kwa lafudhi, na wakazipa alama hizo majina ya mahali: Senegal, Benin, Kameruni, Kibantu, na ya Arabuni na Uhindi. Yetu kwa sehemu kubwa ni ya Kibantu, ambayo huwa na damu ya tumboni kidogo, na ugonjwa huelekea kuwa mkali. Oman wanazo tatu pamoja: ya Benin, ya Arabuni na ya Kibantu. Hiyo ya Kibantu ilifikaje Maskati? Wazee wa pwani hii hawahitaji kuelezwa. Majahazi yaliyopakia watu Kilwa Kivinje hayakupakia mikono ya kazi peke yake. Yalipakia na damu. Na lililo la kujifunza ni hili: wale wenye alama ya Arabuni, kama wa mkoa wa mashariki wa Saudi Arabia, wana damu ya tumboni nyingi kuliko sisi, na utotoni wengi hupata nafuu, lakini mifupa yao bado huuma, na nyonga huharibika kwa watu wazima si wachache. Basi kinachookoa damu si lazima kiokoe mfupa.

Wala nisiwadanganye kwamba vinasaba ndivyo vyote. Kisiwani Jamaika, ambako ndugu zetu walipelekwa kwa minyororo, walichunguzwa pacha wa kufanana wenye ugonjwa huu, vinasaba vyao ni vile vile. Damu zao zilifanana, ukuaji ulifanana, lakini maumivu na madhara mengine hayakufanana. Kwa hiyo iko nafasi ya malaria, ya baridi, ya kiu, ya kuchoka, ya kupata dawa au kuikosa. Nafasi hiyo ndiyo yetu sisi, na ndiyo ya Chama.

Ujinga, maradhi na umaskini tulitangaziana navyo vita tangu Uhuru. Katika ugonjwa huu vyote vitatu vimekaa mkeka mmoja. Kila mwaka nchini Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye seli mundu. Iko dawa, inaitwa haidroksiurea, kidonge cha kumeza kila siku, ambayo huifanya damu ya tumboni irudi kiasi. Watu walisema haifai Afrika kwa sababu ya malaria. Ikajaribiwa kwa watoto 606 katika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na matokeo yakatangazwa Desemba 2018: kwa kila watoto 100 kwa mwaka, maumivu yalishuka kutoka mara 98 hivi hadi 45, malaria ilipungua kwa nusu, na vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Hiyo ndiyo dawa ya kudai. Lakini niseme kweli: kichwa cha paja kilichokwisha kufa hakifufuki kwa kidonge. Kikiwahiwa, mgonjwa hupumzishwa, hupewa magongo, na wataalamu wanaweza kukitoboa ili kupunguza shinikizo ndani ya mfupa. Kikichelewa, hubaki kubadilisha nyonga, kazi inayofanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na si kila mtu ana nauli ya kufika, seuze gharama yenyewe.

Iko na tiba kubwa zaidi. Uingereza mwezi Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, ziliruhusu matibabu ya kumfunga mikono mlinzi yule BCL11A ndani ya uloto wa mgonjwa. Wagonjwa wengi waliotibiwa wamekaa mwaka na zaidi bila kulazwa kwa maumivu. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola 2,200,000 kwa mtu mmoja. Nilipiga hesabu ya magunia ya korosho nikaacha katikati. Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, walianza mwaka 2023 kupandikiza uloto wa ndugu kwa watoto wenye seli mundu, na hiyo ni hatua ya kushangilia, ingawa huhitaji ndugu anayelingana na mgonjwa, naye si kila mtoto anaye.

Sisi wa Mtunda hatuombi dola milioni mbili. Katika mkutano huu ninaleta mambo machache yaandikwe kwenye daftari la tawi na diwani ayabebe. Watoto wanaozaliwa wapimwe tone la damu ya kisigino au kidole, hapa hapa, wasisubiri mpaka vidole vivimbe. Penisilini ya kuwakinga watoto hawa mpaka miaka mitano isikosekane zahanati. Haidroksiurea ipatikane wilayani, isiwe ya kufuatwa Dar es Salaam kwa basi la alfajiri. Na waganga wa vituo vyetu wakumbushwe kwamba mgonjwa wa seli mundu anayelia goti, avuliwe mpaka nyonga ipimwe. Hilo la mwisho halina gharama hata ya shilingi moja, nami nimelionea uchungu kuliko yote.

Mzee mmoja ameniuliza kabla ya mkutano, kwa nia njema, kwamba je, tuwakataze vijana waliobeba kuoana. Mzee wangu, mimi sikatazi. Nasema wapime, wajue, kisha waamue wakiwa na macho. Wengine wataoana na kumpima kila mtoto mapema. Wengine wataachana wakiwa bado marafiki, na hiyo ni nafuu kuliko kuachana mbele ya kadhi mtoto akiwa amelala kitandani.

Na shangazi yangu yupo, bado hai. Mwezi huu nilikwenda kwake, peke yangu, na picha ya nyonga ya dada yangu mkononi. Hajui kusoma, lakini nilimwonyesha ule upande uliobonyea na upande ulio mzima. Akaushika muda mrefu. Kisha akauliza kama inamuuma usiku. Nikamwambia inamuuma. Akaingia ndani, akatoka na mkeka laini wa ukindu alioususa mwenyewe, akasema nimpelekee. Nimempelekea. Wazee wengine wa ukoo bado hawajakubali, na baadhi yao wamekaa hapo nyuma wananisikiliza. Nawaheshimu, na mlango wao nitaubisha tena.

Bwana Mwenyekiti, nimeona mama wawili wamekuja na watoto wenye vidole vilivyovimba. Naomba wasiondoke. Gari la kwenda Kibiti lipo hapo barabarani, dereva ameahidi kuwachukua bila nauli, nami nitafuatana nao.